Yangeyange mdogo: mtazame miguuni

Ukipita kwenye majaruba ya Mabogini, kusini mwa Moshi, msimu wa kupandikiza mpunga, utakuta ndege weupe wengi na utaambiwa wote ni yangeyange. Ni kweli, ila si wa aina moja. Wale wanaofuatana na ng'ombe na trekta, wenye mdomo wa njano, ni yangeyange wa ng'ombe, na chakula chao kikubwa ni panzi. Ninayemchunguza mimi ni yangeyange mdogo, Egretta garzetta: mwembamba, urefu wa sentimita 55 hadi 65, mdomo mweusi, miguu myeusi, na vidole vya njano kana kwamba amevaa soksi.

Vidole hivyo ni nyenzo yake ya kazi. Mtazame akiwa kwenye maji ya kifundoni. Hutanguliza mguu mmoja, akautetemesha topeni harakaharaka, shingo ameikunja, macho hayabanduki majini. Kiluwiluwi au perege mchanga akikurupuka tu, shingo inafyatuka na mdomo umeshambana. Pengine huacha mbinu hiyo, akakimbia huku na huko mabawa nusu wazi, akiwatawanya samaki. Au husimama kimya akingoja. Sijachoka kumtazama.

Ndiyo maana katikati ya Bwawa la Nyumba ya Mungu hapamfai. Yeye ni wa kingoni, hasa maji yanaponywea na samaki kunaswa kwenye vidimbwi.

Msimu wa kuzaa, manyoya mawili marefu humwota kisogoni, na mengine laini mgongoni. Manyoya hayo yalimponza: karne ya 19 ndege hawa waliuawa kwa wingi ili kupamba kofia za wanawake Ulaya, na ukatili huo ulichangia kuundwa kwa chama cha kulinda ndege Uingereza mwaka 1889. Hutaga mayai 3 hadi 5 ya rangi ya kijani-buluu, dume na jike wakipokezana kuatamia.

Nawaomba sana wakulima: vijana wanaoamia kwelea wasimrushie mawe huyu. Hali punje hata moja. Kwelea ni wadogo, wa kahawia, huja kwa makundi makubwa na kutua juu ya masuke. Yangeyange hutua chini, majini, penye vyura na wadudu.