Kwa nini vali ndogo ya amplifaya huvishwa kikopo cha alumini?

Ukifungua amplifaya ya vali (chupa za kioo zisizo na hewa ndani, zinazokuza ishara ya sauti), utaona vali kubwa zinazosukuma spika ziko wazi, kioo kinang'aa. Lakini ile ndogo iliyo jirani na tundu la kuingizia sauti mara nyingi imevishwa kikopo cha alumini, kimebanwa kwenye chasisi. Mbona hiyo tu?

Jibu liko kwenye gridi, waya mwembamba uliozungushwa kati ya kathodi, inayotoa elektroni, na anodi, inayozipokea. Volti ya gridi ikibadilika kidogo, mkondo wa elektroni hubadilika sana. Chukua vali ndogo iitwayo ECC83, ambayo Wamarekani huiita 12AX7: hatua yake moja huweza kukuza ishara mara 50 au zaidi. Sindano ya santuri hutoa kama milivolti 5 tu. Mvumo wa umeme wa nusu milivolti ukidandia hapo mwanzo, utakuzwa pamoja na muziki hadi kwenye spika. Vali za mwisho hupokea ishara ya volti kadhaa, kwa hiyo mvumo huo huo kwao si kitu.

Na mvumo hauhitaji kugusana na waya wowote. Umeme wetu wa hezi 50 una uga wa umeme unaovuka hewa mpaka kwenye gridi. Kikopo huukatiza njiani na kuumwaga kwenye chasisi.

Kinachofanya kazi hasa ni huo muunganiko na chasisi. Kikopo kisichoungwa hupokea mvumo kwa nje na kuupitisha ndani, maana chuma kinachoelea kati ya waya na gridi ni sawa na kapasita mbili zilizofuatana, na kapasita hupitisha umeme wa AC, yaani unaogeuka-geuka mwelekeo. Ndiyo maana, kwa amplifaya kuukuu, ningesugua kutu na uchafu kwenye kitako cha kikopo kabla ya kununua vali mpya.

Sumaku ya transfoma ni jambo jingine. Alumini nyembamba haiizuii. Dawa ni kuisogeza transfoma mbali au kuigeuza. Wala kikopo hakisaidii kwa mvumo wa hita, waya unaopasha kathodi joto, inayopata volti 6.3 za AC ndani ya vali yenyewe. Nyaya zake husokotwa pamoja, na sehemu ya kati ya koili inayoilisha huungwa kwenye chasisi.

Mvumo ukiendelea baada ya hayo yote, huenda kuna kitanzi: vifaa viwili vimeungwa kwenye ethi kwa njia mbili tofauti. Wapo wanaoukata waya wa ethi kwenye plagi ili kitulie. Tafadhali usifanye hivyo. Ndani mna volti 300 na zaidi, na waya huo ndio unaokukinga chasisi ikishika umeme.