Kiti cha Kurudi: Wanaanga Huokolewaje, na Uganda Inahusikaje

Tarehe 2 Desemba 2022 setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilitolewa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga na kuachiwa izunguke dunia. Wengi wetu tuliifuatilia habari ile kwa fahari, maana vijana watatu wa Uganda walikuwa wameiunda wakiwa masomoni Japani. Hazikupita wiki mbili, kwenye kituo kilekile likatokea jambo ambalo hapa kwetu halikuzungumzwa sana. Soyuz MS-22, chombo cha Warusi kilichoegeshwa pale kikisubiri kuwarudisha watu watatu duniani, kilipata tundu lisilofika milimita moja, na kioevu chake cha kupozea kikamwagika angani chote.

Ninafundisha utafutaji na uokoaji katika taasisi yetu hapa Entebbe, na kisa hicho sikiachi kamwe darasani. Kuruta mmoja aliyekulia kwenye mwalo wa Kasenyi aliniuliza: “Afande, boti yao ikifa huko juu, nani anaenda kuwachukua?”

Nilimjibu kwamba hakuna. Hakuna kikosi kinachokesha mahali fulani na roketi iliyokwisha kujazwa mafuta. Kuandaa roketi ya watu huchukua wiki nyingi, pengine miezi, na mtu aliyekosa hewa hana hata dakika tano. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kituo kile ni nyepesi kuieleza na ngumu kuitimiza: kila mtu aliye ndani awe na kiti chake katika chombo kilichofungwa mlangoni, kilicho tayari kuondoka wakati wowote. Anayeamshwa usiku kwa king'ora cha moto au cha hewa kuvuja anakimbilia kiti hicho. Kutoka pale hadi ardhini ni suala la saa chache.

Sasa rudi kwenye Soyuz ile. Kituoni walikuwamo watu saba. Wanne walikuja na Dragon, chombo cha kampuni ya Kimarekani ya SpaceX, chenye viti vinne. Watatu, yaani Warusi Sergey Prokopyev na Dmitri Petelin pamoja na Mmarekani Frank Rubio, kiti chao kilikuwa ndani ya chombo kisichoweza tena kujipoza. Wahandisi walihofia kwamba miili mitatu na mitambo inayowaka, ndani ya chumba kidogo kiasi kile, ingepandisha joto hadi kiwango cha hatari wakati wa kushuka. Mnamo Januari 2023 wakafanya uamuzi ambao mimi nauona ni wa busara sana: godoro gumu la kiti cha Rubio liling'olewa kwenye Soyuz likafungwa ndani ya Dragon. Dharura ikitokea, yeye angeshuka na wale wanne, na wawili waliobaki wangekuwa na joto la mtu mmoja pungufu.

Kwa nini wahamishe godoro badala ya kumwambia tu akae popote? Kwa sababu Soyuz hutua ardhini kwa kishindo, hata kwa mwavuli wake mkubwa na roketi ndogo zinazowaka ikiwa imebaki chini ya mita moja kugusa chini. Kila mwanaanga hutengenezewa godoro linalofuata umbo la mgongo wake mwenyewe, na huachwa nafasi kidogo kwa sababu uti wa mgongo hurefuka mtu akiishi pasipo uzito. Ukikalia la mwenzako unaweza kuumia vibaya.

Chombo cha kuwachukua kilikuja kitupu, bila rubani, mwishoni mwa Februari. Tangu tundu litokee zilikuwa zimepita wiki kumi hivi. Kwa kuwa chombo hicho ndicho kingekuwa cha kikosi kilichofuata, watatu wale waliendelea na zamu, wakarudi tarehe 27 Septemba 2023 baada ya siku 371. Walikuwa wameaga nyumbani kwa safari ya miezi sita.

Jambo kama hilo limewapata wengine pia. Novemba 2025 Wachina waligundua ufa kwenye dirisha la chombo chao Shenzhou-20, kwenye kituo chao cha anga. Wanaanga wake watatu wakarudi na chombo cha wenzao waliokuja kuwapokea, na hao wenzao wakabaki siku kadhaa bila chombo salama cha kurudia mpaka Shenzhou-22 ilipofika ikiwa tupu. Na kuna wale Wamarekani wawili, Butch Wilmore na Suni Williams, walioondoka Juni 2024 kwa safari ya siku nane hivi na kurudi Machi 2025. Magazeti yaliandika kwamba wamekwama. Mimi sikulipenda neno hilo. Kipindi kilichonitia wasiwasi ni zile wiki chache baada ya chombo chao cha Starliner kurudishwa kitupu, kwa sababu hapo tegemeo lao lilikuwa sehemu iliyoandaliwa kwa sponji kwenye nafasi ya mizigo ya Dragon ya wenzao. Mwishoni mwa Septemba Dragon nyingine iliwasili na watu wawili badala ya wanne, imewabebea viti viwili vitupu. Kuanzia siku hiyo walikuwa wafanyakazi walioongezewa zamu.

Hata hivyo kiti peke yake hakitoshi kama vifaa havilingani. Suti ambazo Wilmore na Williams walikwenda nazo hazikuweza kuunganishwa na mabomba ya Dragon, kwa hiyo ilibidi watafutiwe za Dragon. Hili linanirudisha Aprili 1970, kwenye Apollo 13, kisa ambacho kila mwokoaji anapaswa kukijua kwa undani.

Jim Lovell, Jack Swigert na Fred Haise walikuwa kiasi cha kilomita 330,000 kutoka duniani, njiani kuelekea mwezini, tangi moja la oksijeni lilipolipuka. Chombo kikuu kikaanza kufa: umeme ulipungua, hewa ikavuja. Wakahamia kwenye chombo kidogo cha kutulia mwezini, Aquarius, kilichokusudiwa watu wawili kwa siku mbili hivi. Sasa kilitakiwa kubeba watatu kwa muda wa karibu siku nne.

Oksijeni ilikuwamo ya kutosha. Kilichotaka kuwaua ni pumzi yao wenyewe. Hewa tunayoitoa mapafuni ina kaboni dioksidi, na kwenye chumba kilichofungwa hewa hiyo huongezeka mpaka kichwa kiume, akili ichanganyikiwe, mtu alale asiamke. Huchujwa kwa makopo yenye dawa ya lithiamu. Makopo ya Aquarius yalikuwa karibu kuisha nguvu. Ya chombo kikuu yalikuwapo mengi, mazima kabisa, ila yalikuwa ya mraba, na matundu ya Aquarius yalikuwa ya duara.

Hebu fikiri: dawa ipo mkononi na haiingii tunduni. Huko Houston, Marekani, kilipokuwa kituo cha kuongoza safari ile, wahandisi walimwaga mezani vitu ambavyo wanaanga wale walikuwa navyo, hivyo na si vingine: mifuko ya plastiki, majalada magumu ya vitabu vya maelekezo, mabomba ya suti, utepe wa gundi. Wakaunganisha mpaka kikafanya kazi, ndipo wakawasomea wanaanga kwa redio hatua moja baada ya nyingine. Hewa ikasafika. Baridi iliwatesa, maji walikunywa kwa kipimo kidogo sana kila siku, Haise akapata maambukizi ya njia ya mkojo, lakini tarehe 17 Aprili wote watatu walitua hai katika Bahari ya Pasifiki.

Ndiyo sababu mimi husisitiza jambo linaloonekana dogo, la kofia kulingana na bomba na bomba kulingana na tundu. Mwaka 2010 nchi zinazoshirikiana kwenye kituo kile zilikubaliana juu ya kipimo kimoja cha milango ya kuunganishia vyombo, ili cha mmoja kiweze kushika cha mwingine. Kwa makuruta wangu hutoa mfano wa ziwa: boti ya kuokoa ikifika na kamba isiyo na pa kufungwa, itabaki kuwatazama watu wakizama.

Kuna nyakati mbili ambazo kiti cha kurudi chenyewe huwa safarini. Ya kwanza ni kupaa. Tarehe 26 Septemba 1983 roketi ya Soyuz ilishika moto kwenye jukwaa lake kule Baikonur, Kazakhstan, wanakorushia Warusi. Kiroketi kilichofungwa kichwani mwake kiliing'oa kapsuli pamoja na Vladimir Titov na Gennady Strekalov, na sekunde chache baadaye roketi yote ililipuka. Oktoba 2018 Aleksey Ovchinin na Nick Hague nao walirushwa mbali na roketi iliyoharibika wakiwa tayari angani, wakatua salama kiasi cha kilomita 400 kutoka walikoanzia.

Ya pili ni kushuka, na hapa ndipo sisi wa Uganda tunapoingia. Chombo kinachorudi kwa dharura hakichagui sana pa kutua. Machi 1965 Alexei Leonov na Pavel Belyayev walitua mamia ya kilomita nje ya shabaha, ndani ya msitu wa theluji, wakalala huko usiku mbili kabla ya kutoka kwa miguu yenye mbao za kuteleza. Aprili 1975 Vasily Lazarev na Oleg Makarov waliangukia mteremko wa milima ya Altai, mwavuli wao ukanasa na kuwazuia wasiporomoke gengeni. Hofu yao kubwa ilikuwa kwamba huenda wamevuka mpaka wakatua China, wakati uhusiano wa Wasovieti na Wachina ulikuwa mbaya.

Hofu ya namna hiyo ndiyo mkataba wa uokoaji wa wanaanga wa mwaka 1968 ulikusudia kuiondoa. Unaitaka nchi ambayo wanaanga wameangukia iwaokoe mara moja, iwape kila msaada, itoe taarifa kwa waliowarusha na kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, na iwarudishe salama bila kuchelewa. Kituo cha anga hupita juu ya Ikweta kila mzunguko, na mara kwa mara njia yake hukatiza juu ya Uganda na Ziwa Victoria.

Mtu akiona kapsuli imetua, au kipande cha chuma kimeanguka, asikikaribie mbio. Mafuta ya vyombo hivi, hasa haidrazini, ni sumu kwa ngozi na mapafu. Julai 1975 hata Wamarekani watatu waliokuwa wakishuka kutoka kukutana na Warusi walivuta gesi ya injini zao ndani ya kapsuli, na mmoja wao, Vance Brand, akazimia. Simama upande upepo unakotoka, zuia watoto, mpigie polisi au mwenyekiti wa kijiji (LC1). Desemba 30, 2024 pete ya chuma ya kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, kwa jirani zetu Kenya. Vitu hivi si hadithi ya mbali.

Na ikiwa aliye ndani yu hai na mlango umefunguka, usimsimamishe. Aliyekaa miezi pasipo uzito, mifupa na misuli yake imepungua nguvu, na damu hukimbilia miguuni akisimama, akazirai. Mlaze kivulini, mfungulie hewa, mwongeleshe polepole, na akitaka maji mpe kidogo kidogo mpaka daktari afike.