"Blue Yodel" ya Jimmie Rodgers: kutoka reli za Mississippi hadi Kapkatet

Jimmie Rodgers huitwa baba wa muziki wa kantri, lakini ukiuchambua "Blue Yodel", wimbo uliompa jina ambao aliurekodia kampuni ya Victor mjini Camden, New Jersey, tarehe 30 Novemba 1927, utaona kwamba karibu kila kilichomo kilikuwapo tayari. Rodgers, mzaliwa wa Mississippi wa mwaka 1897, alikuwa mfanyakazi wa breki kwenye treni hadi kifua kikuu kilipomtoa kazini, na beti zake zina umbo lilelile la bluzi za Wamarekani Weusi: mstari unaimbwa, unarudiwa, kisha wa tatu unaujibu. T ni ya Texas, T ni ya Tennessee, na T ni ya Thelma, mwanamke aliyemvuruga akili. Mbele kidogo mwimbaji anaapa kununua bastola ndefu kama kimo chake ili ampige Thelma risasi. Wachambuzi wengi huupita ukatili huo kwa kuwa unaimbwa kwa mzaha, nami sioni sababu ya kuupita.

Hata yodeli, yaani ule ufundi wa kuirusha sauti kutoka kifuani hadi kwenye sauti nyembamba ya juu na kuishusha ghafla, haikuanza naye, kwani mwimbaji mwenzake wa kantri, Riley Puckett, alikwisha kuirekodi mwaka 1924. Jipya lilikuwa mahali alipoiweka. Ubeti wa bluzi unapokwisha, msikilizaji angetarajia kiitikio chenye maneno. Rodgers, akiwa peke yake na gitaa lake, anaacha maneno kabisa na kuipandisha sauti, ikawa mlio huo ndio kiitikio, nao ndio unaobaki masikioni.

Baadaye alirekodi nyimbo nyingine zenye jina hilohilo la "Blue Yodel" na namba, zikafika 13 kwa jumla. Ya tisa, ya mwaka 1930, ina tarumbeta ya mwanajazi Louis Armstrong. Ya nane ilirekodiwa upya na waimbaji wengine, Bill Monroe mwaka 1940, kisha Dolly Parton mwaka 1970, na kila mmoja aliigeuza kwa namna yake. Rodgers mwenyewe alifariki mwaka 1933, akiwa na umri wa miaka 35.

Ushahidi ninaouthamini zaidi kwamba mlio huo ndio unaobaki, hata hivyo, uko Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa rekodi za muziki wa Afrika, aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis huko Kapkatet wakiimba, kwa zeze la nyuzi linaloitwa chepkongo, habari za "Chemirocha", jina la Rodgers lililopita katika matamshi yao baada ya santuri zake kufika huko. Kwa maelezo ya Tracey, waimbaji walimwona kuwa kiumbe nusu mtu, nusu swala, wakamwalika aje acheze. Ukiisikiliza rekodi hiyo hutaikuta Texas wala Thelma, na muziki wake ni wa Kikipsigis mtupu. Kilichochukuliwa kwa Rodgers ni jina na mshangao wa sauti yake. Katika muongo wa 2010 nakala za rekodi hizo zilirudishwa kwa jamii ya Wakipsigis zilikotoka.