Ziwa Lisilo na Mlango wa Kutokea

Ukitoka Malindi kuelekea Garsen, ukishavuka daraja la Sabaki ukafika Gongoni, utaona malundo ya chumvi yakimeremeta juani. Maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa mapana yenye kina kifupi, jua na upepo huyakausha, chumvi ikabaki. Wenyeji wameizoea kazi hiyo hata haiwashangazi tena. Ila humo mabwawani mna jibu la swali tunaloulizwa sana na wanafunzi: mbona maji ya Ziwa Victoria yanyweka, na Ziwa Magadi halina hata samaki wa kuvua?

Wengi hudhani mto ni maji matamu matupu. Sivyo. Mvua huchukua hewa ya ukaa ikawa na ukali kidogo, kisha hula miamba polepole na kubeba madini yake. Sabaki, unaoitia bahari ya Malindi wekundu wakati wa masika, umebeba udongo tunaouona na chumvi tusiyoionja kwa uchache wake. Mwaka 1715 mwanafalaki Mwingereza Edmond Halley, yule ambaye nyota yenye mkia iliitwa kwa jina lake, alieleza kwamba maziwa yasiyo na pa kutokea huwa na chumvi kwa sababu mito huyaletea kidogo kidogo bila kukoma.

Basi tazama maji hutoka ziwani kwa njia gani. Victoria hupoteza maji mengi kwa jua, lakini Nile hutoka pale Jinja na chumvi yake. Naivasha haina mto unaotoka, na bado maji yake ni matamu, kwani huvuja chini kwa chini. Ziwa likizibwa pande zote katika nchi ya jua kali, maji hupaa yakawa mvuke, na mvuke haubebi chumvi. Turkana, linalopata kama asilimia 90 ya maji yake kutoka Mto Omo, limo njiani: maji yana ladha ya magadi, samaki wangalipo. Bahari ya Chumvi, ambayo kwa kweli ni ziwa, imefika mbali zaidi. Lita moja ina gramu 340 hivi za chumvi. Bahari yetu ina 35 tu. Uso wa Bahari ya Chumvi uko zaidi ya mita 430 chini ya usawa wa bahari, maji yateremkie wapi tena?

Wala chumvi si moja. Bwawani chokaa na jasi hutangulia kuganda, chumvi ya jikoni hufuata, na yanayosalia ni maji machungu ya magnesiamu. Ndiyo maana Bahari ya Chumvi ukiionja hukuta uchungu kuliko chumvi. Magadi lilishika njia nyingine: miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina sodiamu nyingi na kalsiamu haba, kwa hiyo kinachoganda ni magadi, ndugu wa yale tunayotia kwenye maharagwe yakaiva upesi.

Kuhusu samaki kufa kwenye chumvi, muulize anayekausha papa: chumvi hunyonya maji ya nyama mpaka ikakauka. Samaki anayesombwa na Mto Jordan hadi Bahari ya Chumvi hupatwa na hayo akiwa hai. Lakini hata humo mna vijidudu vinavyopenda chumvi kali. Mwaka 1992, baada ya mvua kubwa, vilizaana hadi maji yakawa mekundu. Mabwawa ya chumvi yaliyokolea nayo huwa na rangi hiyo, na mgeni hudhani kumemwagwa kitu.

Na kandokando ya Magadi, penye chemchemi za moto, yupo perege mdogo. Huishi kwenye maji yanayopita nyuzi 40. Samaki wengi hutoa taka zao kama amonia kupitia matamvua, jambo ambalo maji makali ya magadi hulizuia. Huyu hutoa urea, taka ya kwenye mkojo, kama binadamu.