Maji kutakata si kwamba kromiamu imetoka

Juzi nimeletewa chupa nyingine ya maji taka ya karakana. Mwenye karakana ya kupaka kromu rimu na bampa aliiinua juani akaniambia, "Injinia, hebu ona yalivyotakata. Chokaa nimetia ya kutosha." Nikamimina kidogo kwenye bilauri, nikatia asidi na matone ya kitendanishi, yaani kemikali ya kupimia. Hata sijaiweka chini, maji yakageuka zambarau.

Zambarau hiyo ni kromiamu 6, ile inayosababisha saratani. Shirika la Afya Duniani linataka kromiamu yote kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 0.05 kwa lita. Jicho halioni kiasi hicho.

Jamani, chokaa huzamisha metali kwa kuzigeuza hidroksidi, yaani chembe zinazozama. Kromiamu 6 haina hidroksidi ya kuzama. Imo majini kama kromati, na hata umwage gunia zima, itabaki humo humo. Kwanza igeuzwe kuwa kromiamu 3: shusha pH (kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali) hadi kati ya 2 na 3, tia sodiamu metabisalfaiti, koroga mpaka umanjano uishe na maji yawe ya kijani. Pawe na hewa, maana gesi ya salfa inakaba koo. Na kama kuna beseni la sayanaidi, maji yake yasikutane kabisa na asidi hiyo. Gesi yake inaua.

Baada ya hapo ndipo chokaa ina kazi, na hapa ndipo watu wananichosha: "Ukizidisha ndiyo vizuri." Si vizuri! Hidroksidi ya kromiamu huzama vyema pH ikiwa karibu na 8. Ukipanda sana, inaanza kuyeyuka upya. Zinki inataka 9 hadi 10, nayo ukiipitisha inarudi majini. Nikeli inataka zaidi ya 10. Sasa tangi moja lenye zote tatu utalipatia pH gani?

Michoro ya vitabuni inayotoa namba hizo ilichorwa kwa metali moja moja ndani ya maji safi. Maji ya karakana yana sabuni, mafuta, pengine amonia inayoishikilia nikeli isizame. Mimi huanza na 9, na hiyo ni kukisia. Napanga bilauri sita, kila moja na pH yake, nakoroga, naacha zitulie, kisha napima maji ya juu. Maji ya kesho yanaweza kuleta jibu tofauti, kwa hiyo narudia.

Halafu kuna tope. Metali haikufa, imehamia pale chini. Ukilichoma tope lenye chokaa, kromiamu 3 inaweza kurudi kuwa 6, na kazi yote imepotea. Yule mwenye karakana aliniuliza akalimwage wapi. Nilimwambia asilimwage popote, alikaushe kivulini, alifungie kwenye mapipa yenye mfuniko, juu ya sakafu ya zege, mpaka tupate jalala la taka za sumu litakalolipokea. Mapipa yameshafika tisa.