Paking za roboti chini ya ardhi: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Ikitajwa paking ya roboti chini ya mtaa uliobanana, yaani mashine ndo inalishusha gari na kulipaki badala yako, cha kwanza utasikia "hiyo teknolojia bado changa mno". Changa wapi! Paris mwanzoni mwa karne ya 20 ilishakuwa na gereji pale Rue de Ponthieu yenye lifti ya kupandisha magari ghorofani, siku hizi tofauti kubwa ni kompyuta ndo inaamua gari likae rafu gani.

Wengine wanadhani unaendesha mpaka chini kule gizani mashine zikikupitia kichwani. Hapana, unaishia kwenye kibanda usawa wa barabara, unazima injini, unavuta hendbreki, unashusha watoto na mbwa na mizigo, unatoka nje ndo unabonyeza kitufe. Sensa, yaani vifaa vya kuhisi, zinapima urefu na kimo cha gari na kuangalia kama kuna kitu kinatembea ndani, kikiwepo mashine haianzi. Gari likizidi kimo linakataliwa hapohapo, kwa hiyo mwenye gari refu aulize kwanza.

Na nafasi inaokolewaje? Hakuna rampu ya magari kushukia, hakuna njia za kupishana, hakuna anayefungua mlango, dari inashushwa maana hakuna binadamu anayetembea humo. Basi.

Sasa hii ya "ni fasta kuliko kupaki mwenyewe" ndo inanichosha. Fasta kama uko peke yako! Chukua lifti moja, kila gari dakika 2, watu 20 wametoka kazini kwa mpigo, wa mwisho anasubiri dakika 40 amesimama na funguo mkononi, ziwe lifti 4 anasubiri dakika 10, kwa hiyo mtu akikuambia paking ina nafasi 300 muulize lifti ngapi. Aarhus kule Denmaki chini ya jengo la Dokk1, lililofunguliwa 2015, yanaingia karibu magari 1,000, na mzigo kama huo unagawanywa kwenye vibanda vingi, sio mlango mmoja. Mlango mmoja foleni inamwagikia barabarani, na mtaa ulitaka kupunguza foleni.

Umeme ukikatika je? Paking ikiwa na jenereta ya akiba inaendelea kufanya kazi, hilo sio la kukunyima usingizi. Mimi ningeogopa mkataba. Hoboken, New Jersey kule Marekani, mwaka 2006 mji uligombana na kampuni yenye programu ya kuendesha mitambo, magari ya watu yakabaki yamekwama ndani, na chuma chote kilikuwa kizima kabisa.

Moshi wa injini kweli ni mdogo kwa vile zimezimwa, ila usije ukaambiwa eti moto hauwezekani. Magari yamebanana na hakuna mtu karibu wa kuliona la kwanza likianza kufuka, kwa hiyo vitambua moshi na vinyunyizio vya maji kila ghorofa havina mjadala, na zimamoto waonyeshwe njia ya kushukia kabla paking haijafunguliwa.