Vuli yao, vuli yetu: maana ya kuwinda majani mekundu

Mwezi wa Oktoba, kwenye shamba moja la viungo huko Kizimbani, Unguja, mgeni kutoka Japani alisimama mbele ya mdalasini akashangilia. Nchani mwa matawi majani yalikuwa mekundu yakielekea waridi, laini, yananing'inia kama vitambaa vilivyoloa. Akaniuliza: kumbe na nyinyi mna msimu huu? Kabla sijajibu, mzee wa shamba alinitupia neno kutoka kivulini: "Mwambie hayo machanga, mwanangu. Hata wiki mbili hayana."

Mzee alisema kweli, lakini kumfikishia mgeni maana yake kulinichukua nusu saa nzima.

Kitu alichokuwa nacho kichwani kwao kinaitwa momijigari. Momiji ni majani yaliyogeuka mekundu, hasa ya jamaa za mti ule ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada. Na gari hapo si chombo cha kupanda, ni neno lao la kuwinda. Kuwinda majani mekundu, basi, ingawa hapana anayebeba mshale. Watu hujifunga viatu, wakapanda milima na kuzunguka maziwa na maporomoko ya maji ili kuyatazama tu. Wamarekani nao huifanya safari hiyo kila mwaka, hasa Vermont na New Hampshire.

Ukitafuta msimu huo katika kamusi utakuta umeitwa vuli, na pengine demani. Hapo ndipo tunapopotezana. Demani kwetu ni wakati upepo wa kusi unapolegea na bahari kutulia. Vuli ni mvua, zile fupi za Oktoba mpaka Desemba, ambazo zikishuka, kunde hupandwa na shamba lote likawa kijani. Nadhani watafsiri waliangalia kalenda tu: miezi imepatana, basi na jina likapatanishwa. Lakini vuli yao miti inavua nguo na vuli yetu inavaa. Mimi nikizungumzia ya kwao husema majira ya kupukutika majani. Ni refu, lakini halimdanganyi mtu.

Na kwa nini yapukutike? Kule kaskazini siku zinafupika sana. Nikko, mji wa milimani ambao Wajapani wengi huuendea kwa shughuli hii, siku ndefu kabisa ya mwaka huizidi ile fupi kabisa kwa karibu saa tano. Huku Unguja, nyuzi 6 hivi kusini ya ikweta, tofauti hiyo haifiki hata saa moja. Mti wa kule ukiona mwanga unapungua na usiku unakuwa wa baridi, unajua baridi kali ipo njiani, na jani pana litakuwa mzigo. Basi unaanza kuhamisha mali. Klorofili, yaani ule ukijani wenyewe, inavunjwavunjwa, na nitrojeni na vitu vingine vya thamani vinarudishwa kwenye matawi na shina. Ukijani ukiondoka, manjano inajitokeza, nayo haikuja leo. Ilikuwemo tangu jani lilipofunguka, imefunikwa tu. (Sisi rangi hiyo tumeipa jina la kiungo, kwa hiyo mtu wa shamba haoni tabu kuielewa.) Nyekundu ni kisa kingine. Hiyo inatengenezwa upya katika siku za mwisho, kwa sukari iliyobaki ndani ya jani, na huitwa anthosianini. Mchana wa jua kali na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha ndio unaoikoleza.

Maziwa na maporomoko yana sababu yao. Ndani ya msitu huoni ila mashina. Maji ndiyo yanayokufungulia nafasi ukauona mlima mzima kutoka chini hadi kileleni, na ziwa likitulia unauona mara mbili. Juu ya Nikko lipo ziwa Chuzenji, kwenye mita 1,269 hivi kutoka usawa wa bahari, na maji yake hutoka kwa kumwagikia poromoko la Kegon, mita 97 kwenda chini kwa mkupuo mmoja. Kwa vile juu kunapoa kwanza, rangi huanzia vileleni ikashuka. Ziwani hukolea Oktoba, mjini chini hufika Novemba. Ndiyo maana wakaiita kuwinda: ukichelewa wiki moja, unakuta imeshahama. Sisi tuna vijito na chemchemi, lakini poromoko la namna hiyo halipo Unguja wala Pemba, tusidanganye wageni.

Majani mekundu lakini tunayo, ila mengi yake yamegeuza mambo. Mdalasini, mwembe, na mkarafuu wa Pemba huyatoa majani yao machanga yakiwa mekundu, ya waridi au rangi ya shaba, kisha yakaiva kuwa kijani na kukakamaa. Rangi ni ileile anthosianini. Wataalamu wa mimea wengi husema inalikinga jani teke na jua kabla halijapata nguvu. Wengine wanasema inawafukuza wadudu. Kwa ufupi, wekundu wa Nikko ni wa uzee na wekundu wa Kizimbani ni wa utoto.

Isipokuwa mkungu. Huu ndio mti wetu pekee ambao ningethubutu kumwonyesha Mjapani, na nilimwonyesha, nje ya lango la shamba. Jani la mkungu likizeeka huanza na manjano kwenye kingo, kisha wekundu mzito kama zingefuri ukasambaa mpaka kwenye mshipa wa kati. Nilimwambia ajaribu mwenyewe. Jani jekundu alilibetua kwa kidole kimoja likachomoka kwenye kikonyo, safi, bila utomvu, na tawini pakabaki kovu lililokwisha kufungwa. La kijani la tawi hilohilo alilivuta mpaka ganda likachunika. Mti huujenga ukuta mwembamba pale kikonyoni kabla ya kulitoa jani; ndivyo wafanyavyo na ndugu zake wa Kegon. Ila mkungu hausubiri baridi, maana hapa baridi yenyewe iko wapi, na mikungu miwili ya mtaa mmoja haipatani tarehe. Mmoja unapukutika, jirani yake unachanua.

Mgeni akataka kujua kama kuna mwingine anayeyawinda majani haya. Nikamwambia wapo, katika msitu wa Jozani: kima punju, nao wanayataka machanga, ya mkungu na ya mwembe, tena kwa kula. Majani hayo yana sumu kidogo ndani yake, kwa hiyo wakishiba huteremka kwenye matanuri ya zamani kutafuta mkaa wa kutafuna. Alicheka, akaniomba nimwandikie neno "punju" kwenye daftari lake.